Picha ya Kulika: Sanaa Iliyo Tumboni mwa Skeitibodi

Geuza skeitibodi (ubao wa magurudumu wa kutelezea) iliyochezewa miezi miwili mitatu, ulitazame tumbo lake. Katikati pana mkanda uliokwaruzwa mpaka mbao ikabaki uchi, unaokata picha kwa upana. Puani na mkiani rangi imetoka kwa mabaka. Fuvu limebaki na jicho moja, joka limekatika kiuno, jina la mchezaji limebaki herufi tatu. Mchoraji aliyajua yote haya kabla hajashika penseli. Picha ya skeitibodi huchorwa ilike, kama soli ya kiatu inavyolika. Ukianzia hapo utaelewa kwa nini mistari yake ya zamani ilikuwa minene vile, kwa nini uso huwekwa mahali fulani, na kwa nini mtindo mzima uligeuka siku mashine ya kuchapia ilipobadilika.

Tuanze na eneo lenyewe. Ubao wa leo ni matabaka 7 membamba ya mbao ya mepo wa Amerika Kaskazini, kila moja kama milimita 1.5, yaliyopakwa gundi na kukandamizwa pamoja ndani ya kalibu. Matabaka 5 nyuzi zake huenda kwa urefu na 2 kwa upana, ili ubao usipasuke njia moja. Fani hii hupima kwa inchi: urefu wa kawaida ni inchi 32, yaani sentimita 81, na upana ni inchi 8 na kitu, kama sentimita 21. Toka ncha ya mbele una pua ya sentimita 17 au 18, kisha matundu 4 ya bolti za traki ya mbele (traki ni ule mhimili wa chuma unaobeba magurudumu), kisha sentimita 36 za katikati, kisha matundu mengine 4, halafu mkia wa sentimita 16 na nusu. Kila kundi la matundu limekaa katika mstatili wa milimita 54 kwa 41, na bamba la traki hufunika zaidi ya hapo.

Anayeijua kanga ataelewa upesi. Kanga ina pindo, mji na jina. Ubao nao una mji wake, ndizo hizo sentimita 36 kati ya traki mbili, na una jina. Tofauti ni kwamba jina la kanga ni methali au ujumbe, ilhali jina la ubao ni la mtu: mtelezaji wa kulipwa ambaye kampuni imempa ubao wake, naye hupata fungu dogo kwa kila ubao unaouzwa. Ubao wenye nembo ya kampuni tu mara nyingi huuzwa kwa bei ya chini kidogo, kwa kuwa hakuna wa kumlipa fungu hilo. Na pindo la ubao ndipo mahali pa hasara. Sentimita ya mwisho ya ukingo imeviringishwa kwa mashine, rangi yake haishiki vizuri, na zege huipiga siku ya kwanza. Mchoraji mzoefu haweki hapo kitu cha maana.

Mji nao una taabu yake. Ndipo jicho linapotua kwanza, na ndipo panapolika kwanza, kwa sababu mtelezaji anapopanda juu ya chuma cha kushikia cha ngazi na kuteleza akiwa ameuweka ubao msalaba, chuma hupita katikati kabisa. Kwa hiyo kuna shule mbili. Moja huweka uso katikati na kukubali kwamba utaondoka, kwa imani kwamba ubao ulioanza kupoteza uso ni mzuri kuliko ule mpya. Nyingine hugawa picha juu na chini, ili hata mkanda wa katikati ukitoka, pande mbili zilizobaki zisomeke. Mimi niko upande wa kwanza. Fuvu lililokwaruzwa nusu bado ni fuvu. Mandhari iliyokatwa katikati hugeuka vipande viwili visivyojuana.

Picha hizi hazikuwa chini tangu mwanzo. Mbao za awali zilibeba nembo juu, mahali pa kusimama. Gripi, ile karatasi nyeusi yenye mchanga kama msasa inayoshika viatu, ilipozoeleka kufunika juu pote, picha ilikosa makao. Wakati uleule, katikati ya miaka ya 1970, vijana wa California walikuwa wakiteleza ndani ya mabwawa ya kuogelea yaliyokaushwa. Mtelezaji anapopaa ukingoni mwa bwawa huku mpigapicha amekaa chini, kinachoingia kwenye picha ni tumbo la ubao. Magazeti yakachapa picha hizo, na tumbo likawa bango. Katika eneo la Santa Monica na Venice lililoitwa Dogtown, Wes Humpston alikuwa akichora mbao kwa mkono, ubao mmoja baada ya mwingine, na msalaba wake wa Dogtown ni miongoni mwa alama za mwanzo zilizotoka katika fani hii zikaishi hadi leo.

Miaka ya 1980 ndiyo hutajwa sana, na ni haki. Majina mawili hayakwepeki. Jim Phillips aliongoza sanaa ya Santa Cruz, kampuni iliyoanzishwa 1973 katika mji wa jina hilohilo. Mkono wake wa buluu wenye mdomo unaopiga ukelele kiganjani, wa 1985, huenda ndiyo alama inayojulikana kuliko zote za skeitibodi. Vernon Courtlandt Johnson, anayetia sahihi VCJ, alichorea Powell Peralta, kampuni iliyoanzishwa 1978 na George Powell pamoja na Stacy Peralta. Fuvu la ndege la mtelezaji Tony Hawk, joka la mwenzake Steve Caballero, kiunzi cha mifupa kinachorarua ubao na kuchungulia nje: vyote ni vyake.

Tazama hicho kiunzi kinachorarua. Kimechorwa kana kwamba ngozi ya ubao imechanwa kutoka ndani, na vidole vya mifupa vimeshika kingo za tundu. Picha hiyo isingekuwa na maana kubwa kwenye karatasi. Juu ya mbao ina maana, kwa kuwa mbao yenyewe inachanika kila siku. Phillips naye alifanya jambo la akili kwa mtelezaji Rob Roskopp: ubao wa kwanza ulikuwa na duara la kulengea shabaha na mkono ukitokeza, na kila toleo lililofuata lilimtoa zimwi nje kidogo zaidi. Aliyevunja ubao wake alikuwa na sababu ya kununua unaofuata ili aone zimwi limefika wapi.

Sasa tuseme kuhusu mistari minene, maana hapa watu wengi hudhani ni mapenzi ya vibonzo tu. Mbao hizo zilichapwa kwa skrini. Kila rangi ilikuwa na skrini yake: fremu, wavu uliovutwa, na tabaka la emalsheni linaloziba kila mahali isipokuwa pale wino unapotakiwa kupita. Kabla ya kompyuta, mchoraji alitenganisha rangi kwa mkono. Alichora mistari myeusi kwa wino, kisha kwa kila rangi akatandika juu yake filamu nyekundu iliyogandishwa kwenye plastiki angavu, akakata kwa kisu chembamba lile tabaka jekundu tu na kubandua sehemu zisizotakiwa. Nyekundu huzuia mwanga kama nyeusi, lakini mkataji anaweza kuona mchoro chini yake. Picha ya rangi 5 ni filamu 5, skrini 5, na kwa mbao 200 ni mipigo 1,000 ya skwiji, ile raba yenye mpini inayosukuma wino.

Shida ni kwamba ubao si bapa. Umebonyea katikati kwa upana, pua na mkia vimeinuka. Tena mbao hukandamizwa kadhaa kwa mpigo mmoja ndani ya kalibu, zimepangwa moja juu ya nyingine, kwa hiyo mbonyeo wa ubao wa juu haulingani sawasawa na wa chini. Skrini ileile ikishuka juu ya mbao mbili, wavu unanyumbuka kwa kiasi tofauti na rangi inahama milimita moja au mbili. Dawa yake ni ya kizamani na ni nzuri: rangi zote huchapwa zikiwa zimezidi mipaka yake kidogo, kuanzia iliyo nyepesi, na nyeusi huja mwisho ikiwa nene vya kutosha kufunika mshono. Mstari mweusi wa milimita 2 hadi 3 husamehe kosa la milimita moja kila upande. Mstari wa nusu milimita hausamehi chochote. Utaona uzi wa mbao ukichungulia kati ya nyekundu na nyeusi, na jicho haliachi kuurudia. Basi mtindo ule mzito wa miaka ya 1980, pamoja na uhodari wa waliouchora, ulizaliwa pia na mbonyeo.

Enzi hiyo walijaribu hata kuilinda picha. Powell Peralta waliuza vipande viwili virefu vya plastiki vya kufungia kwa skrubu tumboni, kimoja kila upande, na vingine vya mkiani. Ubao uliteleza juu ya plastiki, mji ukasalia salama. Vikaja kuachwa kwa sababu vinaongeza uzito, na mchezo ulikuwa umehamia mitaani, kwenye kuruka na kuzungusha ubao hewani, ambako kila gramu husikika mguuni.

Kuhama huko mitaani kuligeuza pia turubai. Ubao wa miaka ya 1980 ulikuwa na upana wa inchi 10 hivi, pua fupi na mkia mpana, kwa hiyo picha ilikuwa na juu na chini. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 ubao ulikonda hadi inchi 7 na nusu, pua ikarefuka, ncha zote mbili zikafanana. Joka la VCJ halina pa kujikunja hapo. Kampuni ya World Industries ya Steve Rocco, iliyoanzishwa 1987, ndiyo iliyoelewa haraka. Badala ya kuuza picha moja miaka mitatu, ilitoa picha mpya mfululizo kwa matoleo madogo, na Marc McKee akachora kwa mtindo wa katuni safi: mistari myembamba zaidi, rangi bapa, na kisa kinachoeleweka kwa kutupiwa jicho mara moja. Nyingi zilikuwa za uchokozi, na baadhi sitaki kuzieleza hapa. Lakini ufundi wake wa kusimulia ndani ya mstatili mrefu mwembamba ni wa kusomwa na kila mchoraji. Kisha 1993 ikaja kampuni ya Girl, ya watelezaji Rick Howard na Mike Carroll, na nembo yake ni ile sanamu ya mwanamke iliyo kwenye milango ya vyoo vya umma. Duara moja la kichwa na umbo la gauni. Inasomeka hata nusu yake ikiwa imelika, na kwangu hicho ndicho kipimo cha nembo ya ubao.

Kuelekea miaka ya 2000 skrini zikaanza kuachwa. Picha sasa huchapwa kinyume kwenye filamu ya plastiki: tabaka angavu la ulinzi kwanza, kisha rangi, kisha nyeupe ya kuziba, kisha gundi inayoyeyuka kwa joto. Ubao uliokwisha kutobolewa, kukatwa, kupigwa msasa na kupakwa vanishi hupitishwa chini ya roli la silikoni lililopashwa moto. Silikoni ni laini, hufuata mbonyeo, filamu hubanduliwa na picha nzima imeshahamia kwenye mbao. Kwa mpigo mmoja una rangi zote, picha za kamera, na vivuli laini. Ndiyo maana tangu hapo mbao zikajaa picha halisi za watu na mandhari, vitu ambavyo kwa skrini vingehitaji kugeuzwa vitone vitone, na juu ya mbonyeo vitone huharibika upesi.

Kinachokwenda kombo kwa filamu ni tofauti. Vumbi likiwa chini yake, hubaki kijipele kisicho na rangi. Roli likikosa mkandamizo karibu na mkunjo wa pua, hapo picha hushika nusunusu na kubanduka kama ngozi iliyoungua jua. Nyeupe ikichapwa nyembamba na mbao ikiwa imetiwa rangi ya giza, njano hugeuka ya matope. Na namna ya kulika imebadilika: wino wa skrini ni mnene, huliwa taratibu na kuacha mistari; filamu hutoka kwa vipande. Wapo makampuni madogo yanayoendelea na skrini, na ukipitisha kidole juu ya ubao utaujua mara moja, kwa sababu kila rangi ina kimo chake.

Kwa anayetaka kuchora ubao wake mwenyewe, iwe ni kwenye zege la Kitintale huko Kampala au uwanja wa Shangilia, Nairobi, hauhitaji kiwanda. Ubao mtupu kwa kawaida huja na vanishi nyembamba inayokataa rangi ya maji, kwa hiyo upige msasa namba 180 kisha 240, kufuata nyuzi, mpaka mng'ao uishe. Futa kwa kitambaa chenye unyevu, acha ukauke. Mikono miwili ya praima (rangi ya msingi) nyeupe ya akriliki inatosha. Eneo ni kama karatasi moja ya A3 na robo, na mililita 40 zinaimaliza kazi. Ukiruka praima, mistari ya mbao itanyonya wino na kuutawanya kama karatasi ya chooni.

Chora kwa kalamu za rangi ya akriliki. Kalamu za spiriti zinavutia kwa weusi wake, lakini vanishi yenye kiyeyusho huzifumua na mstari wote huingia ukungu. Kama ni lazima uzitumie, funika kwa vanishi ya maji, mkono mwembamba kwanza, na jaribu pembeni kabla. Weka alama za matundu ya bolti kabla ya mchoro wowote, maana jicho la uso likiangukia kwenye bolti utajuta. Mwisho ni vanishi mikono miwili mitatu. Acha ubao siku tatu kamili kabla ya kufunga traki. Rangi inayoonekana kavu kwa juu bado ni laini ndani, na bamba la traki likikazwa juu yake huigandisha na kuing'oa siku utakapolifungua.

Kama unataka mbao kumi zenye picha moja, stensili ndiyo njia ya bei rahisi. Kata kwenye plastiki ya unene wa milimita 0.2 hivi, kumbuka kuacha madaraja ndani ya herufi kama O na A, na pulizia rangi ya kopo kwa umbali wa sentimita 20 hadi 25, mikono myembamba mitatu. Ukiisogeza karibu, upepo wa kopo huinua ukingo na rangi hupenya chini. Kwa skrini, anza na rangi moja, wavu wa nyuzi 43 hadi 62 kwa sentimita, na wino wa kuchapia mbao. Wino mzito wa fulana unahitaji joto kali ili ukauke na haushiki hapa. Tumia matundu ya bolti kama mwongozo: funga kwenye meza pini mbili za milimita 4.5, ubao ukae juu yake daima mahali palepale. Vichwa vya pini viishie milimita moja chini ya uso wa ubao, la sivyo mpigo wa kwanza wa skwiji utachana wavu. Uache wavu ulegee kidogo kuliko wa fulana ili ufuate mbonyeo, na usifike mkunjo wa pua. Sentimita 45 au 50 za katikati zinatosha kabisa.

Kwa anayetuma picha kiwandani, andaa faili kwa ukubwa halisi, nukta 300 kwa inchi, yaani kama 9,600 kwa 2,550 kwa ubao wa inchi 32 kwa 8.5, na uongeze milimita 5 kila upande kwa ajili ya kukatwa. Chora matundu 8 kwenye tabaka lake, kisha lifiche kabla ya kutuma.

Ubao ukishaisha, soma ulivyolika. Mkanda wa katikati husema mwenyewe anapenda vyuma vya ngazi. Pua iliyokwanguka mpaka tabaka la pili ni ya anayeteleza kwa pua kwenye kingo za zege. Kama tumbo ni safi na traki zimelika, huyo husaga kingo kwa chuma cha traki, na picha yake itadumu. Alama mbili nyeusi juu ya magurudumu maana yake traki zimelegea mno na magurudumu yanagusa ubao kwenye kona.

Ukitaka kuutundika, toa traki, usioshe kwa maji mengi kwa sababu matabaka yaliyofunguka kingoni huvimba. Brashi kavu inatosha. Pitisha uzi wa kuvulia samaki kwenye matundu mawili ya juu, ufunge nyuma, ubao ukae wima pua juu. Uweke ukuta usiopigwa na jua la dirishani. Rangi za kung'aa za miaka ya 1980 ndizo hufifia kwanza, pinki kabla ya nyingine.